Harufu Haitokani na Uchafu

Askari aliyekuwa mbali kikazi kwa miezi sita ameleta habari kwamba atarudi nyumbani Jumamosi. Ijumaa jioni mkewe amekwisha kufagia ua na kutandika shuka safi, na kabla ya kulala anaingia bafuni akiwa na kipande cha sabuni ya kufulia, ndimu mbili na chumvi kidogo. Haogi mwili tu. Anajiosha ndani, kwa kidole na kwa kitambaa, mpaka panamwasha. Alifundishwa hivyo na wakubwa wake, naye amekwisha kumfundisha binti yake. Siku nne baada ya mume kufika, harufu ile ile aliyokuwa akiikimbia inatokea kwa nguvu zaidi, mfano wa harufu ya samaki. Kwanza mume ananyamaza. Kisha anauliza ni nani aliyekuwa akija nyumbani wakati yeye hayupo.

Ugomvi wa namna hii umevunja nyumba nyingi, na chanzo chake mara nyingi ni sabuni na ndimu.

Yafaa ieleweke kwamba uke hujisafisha wenyewe. Mlango wa tumbo la uzazi na kuta za uke hutoa ute, na ute huo huteremka kidogo kidogo ukichukua chembe za ngozi zilizokufa. Ndani yake huishi vijidudu vyenye manufaa, ambavyo daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, alivieleza mwaka 1892. Vijidudu hivyo ni vya ukoo mmoja na vile vinavyogandisha maziwa. Mfugaji wa Ankole anajua kwamba maziwa yaliyoganda kibuyuni hayaharibiki upesi kama maziwa mabichi, kwa kuwa uchachu wake hauviachii viini vingine nafasi ya kustawi. Ndivyo ilivyo ukeni. Vijidudu hivi hula sukari itokayo katika kuta za uke na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo ulinzi wa mlango. Kwa mwanamke mwenye afya aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha uchachu huo huwa kati ya 3.8 na 4.5. Maji matupu kipimo chake ni 7, na sabuni ya kawaida hufika 9 au 10.

Kwa hiyo sabuni iingiapo ndani huua uchachu na kuwafukuza walinzi pamoja nao. Labda mtu atasema kwamba ndimu ni chachu, basi itasaidia. Haisaidii, maana ukali wake umepita kiasi. Huunguza ngozi laini ya ndani, wala haivirudishi vijidudu vilivyokwisha kuoshwa. Majani ya dawa, dawa ya meno, tumbaku na unga wa dawa wa kukausha vina hasara hiyo hiyo, na vingine huacha vidonda visivyoonekana kwa macho.

Walinzi wakiondoka, viini vingine ambavyo kwa kawaida huwa vichache huongezeka mara nyingi mno. Hali hiyo madaktari huiita vajinosisi ya bakteria. Uchafu utokao huwa mwepesi, wa rangi ya kijivu au nyeupe, wenye harufu ya samaki. Harufu huzidi baada ya tendo la ndoa, kwa sababu shahawa hazina uchachu na huzifungulia hewa zenye harufu zilizomo katika ute. Hii ndiyo sababu ya yale yaliyotokea katika nyumba ya askari yule: mwanamke alijiosha siku ya Ijumaa, mume akaja Jumamosi, na mambo hayo mawili yakakutana. Hapakuwa na mgeni. Naam, ugonjwa huu huambatana na kujamiiana, lakini kuuona kwa mwanamke si ushahidi wa uzinzi, na mume anayeutumia kama ushahidi anahukumu bila kesi.

Si kila uchafu ni ugonjwa huo. Uchafu mzito mweupe mithili ya maziwa yaliyokatika, usio na harufu kali lakini wenye kuwasha sana, huelekea kuwa ni fangasi. Fangasi hupenda kumjia mwanamke mjamzito, mwenye kisukari, au aliyetoka kumeza dawa za kuua bakteria kwa ajili ya maradhi mengine, kwa kuwa dawa hizo huua na walinzi wake. Uchafu wa manjano au wa kijani wenye povu huweza kuwa ni trikomonasi, na huo huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini huweza kukaa mwilini kwa miezi bila dalili, hasa kwa mwanamume, hivyo si rahisi kusema umeingia lini. Zaidi ya hayo dalili hudanganya. Mwanamke aliyenunua dawa ya fangasi dukani mara tatu bila kupona huenda hakuwa na fangasi hata siku moja, na dakika chache chini ya hadubini zingemwambia hivyo.

Uganda ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1997 Profesa Nelson Sewankambo na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa wanawake 4,718 wa vijiji vya wilaya ya Rakai. Miongoni mwa wale ambao vijidudu vyao vya ukeni vilikuwa katika hali njema, karibu 14 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Miongoni mwa wale waliokuwa na vajinosisi kali, walikuwa karibu 27 katika kila 100. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi lipi lilitangulia. Lakini mwaka 2011 tafiti 13 zilizowafuata wanawake wa Afrika kwa muda zilikusanywa pamoja, na zikaonyesha kwamba waliokuwa wakijiosha ndani kwa sabuni walielekea zaidi kupoteza vijidudu vyao vyema na kupata virusi. Yule mama wa Ijumaa jioni alidhani anajikinga, kumbe anafungua lango.

Kutoka ukeni hadi katika tumbo la uzazi ni safari fupi. Mlango wa tumbo la uzazi una ute mzito unaozuia njia, na maji yanayosukumwa ndani kwa nguvu huweza kuvipandisha viini. Wabaya zaidi wa kupanda ni kisonono na klamidia, ambazo kwa wanawake wengi hazitoi dalili yoyote. Zikifika katika mirija ya uzazi huiwasha na kuiachia makovu. Mrija ulioziba haupitishi yai. Uliobanwa nusu huweza kulinasa yai lililokwisha kurutubishwa, mimba ikakua nje ya mahali pake, na mrija ukipasuka mama huweza kufa kwa kutokwa damu tumboni. Vajinosisi nayo imeonekana kuandamana na uvimbe wa viungo hivyo na kuzaa kabla ya wakati. Wanawake wanaofukuzwa kwa kuitwa tasa, wengine wao walikuwa na mirija mizima siku ya arusi.

Sasa tuseme juu ya mume. Kwa miaka mingi mwanamke alitibiwa vajinosisi peke yake, akapona, na baada ya wiki chache ikamrudia. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Australia walitangaza jaribio lao juu ya jozi 164 za wanawake na wenzi wao. Katika kundi moja mwanamke alitibiwa peke yake. Katika la pili mwanamume naye alipewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Baada ya wiki 12 ugonjwa ulikuwa umewarudia wanawake 63 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 35 katika kila 100 wa kundi la pili. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Askari aliyeuliza ni nani aliyekuwa akija nyumbani angefanya vema kufuatana na mkewe zahanati.

Huko zahanati hapana jambo la kuonea haya. Muuguzi atauliza rangi ya uchafu, harufu, maumivu na siku za hedhi. Usioshe ndani kabla ya kwenda, maana utaondoa kile kitakachopimwa. Dawa ya siku saba huliwa siku saba. Desturi ya kugawana kidonge kimoja nusu kwa nusu na mume haimtibu hata mmoja wao. Mjamzito hutibiwa pia, bali lazima aseme kwamba ana mimba, kwa sababu dawa ya fangasi ya kumeza haimfai, hasa katika miezi ya mwanzo, naye hupewa ya kuweka ukeni. Maziwa ya mgando ni chakula, yanywewe.

Kwa usafi wa kila siku, maji safi kwa nje yatosha, na chupi ya pamba iliyokauka juani. Shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, ndiye ambaye wasichana wengi humsikiliza kabla ya daktari, kwa hiyo habari hizi zimfikie yeye kwanza.

Anayepaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja mshahara wala ruhusa, ni mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, au ambaye hedhi imechelewa na ghafula akaumwa tumbo upande mmoja. Yule aonaye damu baada ya tendo la ndoa, au ambaye hedhi ilikwisha koma na sasa anaona damu tena, asiseme ni uzee. Aombe mlango wa tumbo la uzazi utazamwe.