Fahamu: Mfumo rahisi kutumia huanza na tatizo lililotajwa sawasawa

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, tatizo lililokuwa mezani lilikuwa jinsi wakopaji wadogo watakavyolipa mikopo yao kwa simu. Watu wakaitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wabunifu wakabadili swali, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo: kutuma pesa nyumbani. Urahisi wa mfumo, basi, hauanzii kwenye rangi wala vitufe, bali kwenye tatizo lenyewe. Wapo watakaosema mtumiaji hajui anachotaka. Huenda, lakini hapa kilichoamua si maoni yake bali alichokifanya. Tena tatizo halitajwi mara moja likaisha: ukikosea tarakimu moja ya namba ya mpokeaji, pesa zinaweza kuangukia kwa mtu usiyemjua. Kumlaumu mtumaji ni rahisi, na hakusaidii. Kinachosaidia ni skrini kumwonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika.