Tuvijue Viungo vya Tarakilishi Kabla ya Kununua Kadi ya Picha

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wenye maduka. Leo ningependa kuielekeza kwa kundi jingine: walimu na wanafunzi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hususan wa Kariobangi, ambao hujinyima mengi ili wanunue tarakilishi ya mezani iliyokwisha kutumika ng'ambo, kisha wakajinyima tena ili waiongezee kadi ya picha. Kuna kadi ambazo huishia kabatini, ama kwa kuwa zimeshindwa kuingia katika sanduku la tarakilishi, ama kwa kuwa zimeingia zikakosa umeme wa kutosha. Mwenye kadi hubaki kumlaumu muuzaji, naye muuzaji humjibu kwamba alimpa kile alichokiagiza.

Dai langu katika makala haya ni kwamba hasara ya aina hii haitokani na uhaba wa mafundi, wala na upumbavu wa wanunuzi. Kwa kiasi kikubwa inatokana na lugha. Mtu asiyekuwa na jina la kiungo hawezi kukiulizia, na asichokiulizia hakiingii katika hesabu zake.

Tulitazame neno sipiyu. Katika mitaa yetu, sanduku zima la tarakilishi huitwa sipiyu. Kwa asili, neno hilo ni kifupisho cha Kiingereza kinachotaja kitu kimoja kidogo kilichomo sandukuni, yaani kichakataji, kile kipande kinachofanya hesabu na kutekeleza amri, ambacho huenea katika kiganja cha mtoto. Kukiita kitu kizima kwa jina la sehemu yake ni tabia ya kawaida ya lugha za wanadamu. Utingo anapohesabu abiria wa matatu kwa vichwa, anafanya lilo hilo. Hata hivyo, hesabu ya vichwa haimsahaulishi utingo kwamba abiria ana miguu inayohitaji nafasi. Sipiyu imetusahaulisha. Mnunuzi anayeomba "sipiyu nzuri" huelezwa habari za kichakataji: ni i5 ama ni i7, na ni cha kizazi gani. Habari za umeme, kimo na nafasi haziulizii, kwa kuwa kwake kila kilichomo kimekwisha kutajwa.

Kadi ya picha basi ni nini? Tarakilishi nyingi za ofisini hutoa picha za kwenye kioo kwa uwezo uliomo ndani ya kichakataji chenyewe. Uwezo huo watosha kuandika barua, kutayarisha mtihani, kutazama video na kusoma mtandaoni. Hautoshi kwa michezo mikubwa, kuhariri filamu kwa haraka, kuchora majengo ya pande tatu au kuunda katuni zinazotembea. Hapo ndipo inapohitajika kadi ya pekee, yenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na, mara nyingi, feni yake. Mwalimu anayetaka tu faili zake zifunguke upesi hana haja nayo. Atafaidika zaidi kwa kuongeza ramu, au kwa kuweka diski ya SSD mahali pa ile ya kuzunguka.

Anayeihitaji kwa kweli na azingatie mambo manne. La kwanza ni umeme. Tarakilishi nyingi za aina hii zilitengenezwa na Dell, HP na Lenovo kwa kazi za ofisini. Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, kwa mfano, ina pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme, ya wati 240. Tundu la kadi lililo katika ubao mkuu hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu kabisa, na baadhi ya mashine ndogo zimewekewa kikomo cha chini ya hapo. Kadi inayotaka zaidi hutegemea waya wa ziada kutoka kwa pawa saplai, waya ambao aghalabu mashine hizo ndogo hazina. Sasa linganisha kadi tatu za Nvidia. GT 1030 iliyotolewa mwaka wa 2017 hutumia wati 30 hivi. GTX 1650 ya mwaka wa 2019 hutumia 75. RTX 3060 ya mwaka wa 2021 hutumia 170, na waliyoiunda hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Ya kwanza haina taabu. Ya pili yagusa mpaka, na baadhi ya matoleo yake hudai waya wa ziada. Ya tatu, kwa mashine kama hiyo, ni ndoto ya mchana.

Jambo la pili ni kimo. Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina kimo cha milimita 120 hivi, ilhali la kadi fupi ni milimita 80 hivi. Sanduku jembamba hupokea kadi fupi pekee. Jambo la tatu ni urefu na unene: kuna kadi zinazokalia nafasi ya matundu mawili, na nyingine ndefu mno hata zikagota kwenye kizimba cha diski. Jambo la nne ni plagi. Atakayesema kwamba atabadilisha pawa saplai yote na ajue kuwa baadhi ya mashine za Dell na HP zina plagi isiyofanana na ile ya kawaida yenye pini 24, na kwamba katika masanduku madogo pawa saplai yenyewe ina umbo lisilopatikana kila duka. Na kadi ikishafungwa, kebo ya kioo ichomekwe katika kadi yenyewe, si katika tundu la zamani, la sivyo mtu atailaani kadi isiyo na hatia.

Linalosikitisha ni kwamba hekima ya kupima kizima kabla ya kuongeza kiungo imejaa Kariobangi kwenyewe. Ukiingia Kariobangi Light Industries utawakuta mafundi wa magari, wa kuchomelea na wa kukereza vyuma. Mpelekee fundi gari dogo, umwombe alitie injini kubwa. Hatasifu injini kwanza. Atauliza habari za giaboksi, za rejeta, na za nafasi iliyo chini ya boneti. Anauliza hivyo kwa sababu kila kimojawapo ana jina lake, na hajawahi kuliita gari zima injini.

Wala maneno hayo hakuletewa na kamati. Usukani lilikuwa neno la mabaharia kabla ya motokaa kufika katika pwani yetu. Giaboksi, rejeta na klachi yalipitia gereji, yakavishwa matamshi ya Kiswahili, yakawa yetu. Mafundi wa tarakilishi wanafuata njia iyo hiyo wanaposema ramu, bodi, feni na kadi. Sisi wasomi, kwa upande wetu, tumejadili kwa miaka mingi iwapo mashine hii iitwe kompyuta, kama walivyozoea ndugu zetu wa Tanzania, ama tarakilishi, kama tunavyofundisha shuleni Kenya. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Microsoft nayo ilitafsiri menyu za Windows kwa Kiswahili. Juhudi hizo zote ni za kupongezwa, lakini ziliishia kwenye jina la sanduku na maandishi ya kwenye kioo. Ndani ya sanduku hatukuingia.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa lebo zote zimeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili ni cha nini? Jibu ni kwamba lebo ya pawa saplai haina mengi ya kusomwa. Ni tarakimu na herufi chache. Kinachomkwama mnunuzi ni swali, na swali huulizwa kwa lugha ambayo watu wawili huelewana kaunta. Mwanafunzi wa Kariobangi na muuzaji wa Luthuli Avenue hawajadiliani bei kwa Kiingereza cha vitabuni. Hujadiliana kwa Kiswahili, au kwa Sheng iliyojengwa juu yake. Kama Kiswahili hicho hakina viungo vya tarakilishi, maafikiano yao yatakuwa ya bei tu.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu wenzangu somo moja. Mashine zilizotumika si ngeni shuleni. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limezikarabati na kuzifikisha katika shule nyingi. Palipo na iliyokufa stoo, mwalimu wa Kiswahili na yule wa tarakilishi waifungue pamoja mbele ya darasa, ikiwa imechomolewa ukutani. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Wanafunzi wakitaje kila kiungo, wapime nafasi kwa rula, wanakili wati zilizo kwenye lebo. Kisha waandike insha ya maelezo: namna ya kumweleza fundi mashine uliyo nayo na kadi unayoitaka. Hiyo itakuwa insha yenye manufaa kuliko nyingi tunazowasahihishia.

Mwanafunzi atakayetoka katika somo hilo na karatasi yenye mistari minne, yaani wati, kimo, urefu na plagi, ndiye atakayeingia dukani akiuliza badala ya kuuzwa. Karatasi hiyo haigharimu kitu. Kadi iliyomo kabatini imegharimu karo ya mtu.