Taa zinazorudi dukani: Fundi anayeanza na bodi yake ya kwanza

Kila mwenye duka la vifaa vya sola katika miji ya mpakani anamfahamu mteja huyu. Alinunua taa ya kutumia betri ya volti 12, akaisifia wiki za mwanzo, na sasa amerudi ameishika mkononi. Taa imezimika kabisa, au nusu ya vijitaa vyake haviwaki. Muuzaji hana la kumwambia. Yeye aliichukua kwa jumla Kariakoo au Luthuli Avenue, aliyemuuzia aliiagiza China, na boksi halina hata jina la kiwanda. Hasara inabaki kwake: ama ampe mteja taa nyingine, ama ampoteze.

Taa kama hiyo ikifunguliwa kwa bisbisi, ndani yake kuna kibao chembamba, mara nyingi cha kijani au cheupe, chenye njia za shaba na vijitaa vya LED vilivyopangwa kwa mistari. Kijitaa kilichoungua huonekana kwa nukta nyeusi katikati. Mara nyingi kilichokiua ni hesabu ndogo ambayo mchoraji wa bodi hakuifanya, au aliifanya kwa kubana gharama.

Habari njema kwa wafanyabiashara ni kwamba kuchora bodi ya namna hiyo si kazi ya wahandisi wa viwanda vikubwa peke yao. Fundi redio au kijana aliyemaliza chuo cha ufundi anaweza kujifunza, na taa ya volti 12 ni somo la kwanza zuri. Ila kuna kanuni moja ya kushika tangu mwanzo: kosa lililo kwenye kompyuta hufutwa bure, kosa lililo kwenye bodi tano ni hasara ndogo, na kosa lililo kwenye bodi 500 ni mtaji uliokwenda.

Hesabu kabla ya mchoro

Bodi ya saketi iliyochapishwa ni wazo la mwaka 1936. Paul Eisler, mhandisi kutoka Austria aliyekuwa akiishi London, alitengeneza redio ambayo badala ya nyaya zilizosokotana ilikuwa na njia za shaba zilizobanwa juu ya kibao. Bodi nyingi za leo ni zile zile kwa asili: kibao cha nyuzi za kioo na gundi ngumu, unene wa milimita 1.6, na juu yake ngozi ya shaba ya mikromita 35.

Lakini kibao hakiokoi hesabu mbovu. LED nyeupe ya kawaida hutumia takriban volti 3, na nyingi za ukubwa wa milimita 5 hazitakiwi kupita miliampea 20. Zikiunganishwa tatu kwa mfuatano zinakula volti 9. Betri ikiwa na volti 12, zinabaki volti 3, ambazo lazima zipite kwenye rezista. Mchoraji anayebana mambo hugawa 3 kwa 0.02, anapata omu 150, anafunga kazi.

Tatizo ni kwamba betri ya volti 12 haikai kwenye volti 12. Inapochajiwa na jua kali hupanda hadi karibu volti 14.4. Hapo volti zinazobaki baada ya LED si 3 tena, ni 5.4, na kwa rezista ile ile ya omu 150 mkondo unafika miliampea 36. Kibanda kinachowasha taa mchana, betri ikiwa bado inachajiwa, kinazichoma LED hizo kidogo kidogo kila siku. Mwanga unafifia, kisha unakata.

Fundi anayejua betri zinavyotumika kwao anaanzia juu, si chini. Anagawa 5.4 kwa 0.02, anapata omu 270, nayo ni rezista inayopatikana katika kila duka la vipuri. Betri ikishuka hadi volti 12, mkondo unakuwa miliampea 11. Mwanga unapungua kiasi, lakini taa inadumu. Akiongeza dayodi ya 1N4007 kwenye waya wa chanya, mteja akigeuza nyaya za betri taa haitawaka, na wala haitaungua. Dayodi hiyo hula takriban volti 0.7, hivyo hata betri ikiwa imejaa mkondo unabaki kama miliampea 17.

Huo ndio mpango wa bodi ya kwanza: safu nne za LED tatu tatu, rezista nne za omu 270, dayodi moja na kiunganishi cha nyaya mbili. Vipande 18 kwa jumla. Mwanafunzi akianza na kitu kikubwa zaidi ya hapo, kwa mfano inveta, atakwama kabla hajaonja mafanikio.

Kutoka mchoro hadi kibao

Programu inayotumiwa na wengi wanaoanza ni KiCad. Iliasisiwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na tangu mwaka 2013 kituo cha utafiti cha CERN kilichoko Geneva kimechangia kuiboresha. Ni ya bure, hata kwa anayechora bidhaa ya kuuza, na ikishasakinishwa inafanya kazi bila intaneti. Faili lake linazidi gigabaiti moja, kwa hiyo ni busara kulipakua mahali penye Wi-Fi badala ya kumaliza bando la simu.

Kazi ndani ya programu ina sehemu mbili, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro wa saketi. Huo unaonyesha nani ameungana na nani, na haujali ukubwa wala umbali. Ya pili ni mpangilio wa bodi yenyewe, ambapo kila kipande kinapewa mahali pake halisi kwa milimita.

Kati ya sehemu hizo mbili kuna daraja ambalo limewaangusha wengi: kila alama ya mchoro lazima ipewe unyayo wake, yaani mahali pa miguu ya kipande itakapokaa kwenye kibao. Programu inakuja na nyayo maelfu, na nyingi zinafanana kwa macho. Kiunganishi cha nyaya chenye nafasi ya milimita 3.5 kati ya mguu na mguu hakiingii kwenye unyayo wa milimita 5. Njia ya uhakika ni kununua vipande kwanza, kuvipima kwa rula au kalipa, kisha ndipo kuchagua unyayo. Anayechora kwanza na kwenda dukani baadaye hujikuta na bodi nzuri isiyopokea kipande chochote kilichopo sokoni.

Mwelekeo nao una mitego. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na upande uliokatwa bapa kwenye ukingo wa kioo chake ni hasi. Katika KiCad, tundu la LED lenye umbo la mraba ni la hasi. Anayedhani mraba ni chanya atazichomelea LED zote 12 kinyumenyume.

Wauza vipuri wanajua mtego mwingine unaomsubiri mwanafunzi kwenye bodi yake ya pili, pengine ya taa inayojiwasha giza likiingia. Transista za BC547 na 2N3904 ni ndogo, nyeusi, na zinafanana kama pacha. Lakini zikitazamwa upande wa bapa, miguu ikiwa chini, ya kwanza ina kolekta kushoto, na ya pili ina emita kushoto. Muuzaji anayempa fundi moja badala ya nyingine kwa kuwa “ni sawa tu” amempa kitendawili cha siku nzima.

Karatasi ya kuokoa mtaji

Nyayo zikishapangwa, njia za shaba huchorwa kuviunganisha vipande. Kwa bodi ya kawaida, njia ya upana wa milimita 0.3 inatosha kubeba ampea 1 bila kupata joto sana, na ampea 5 zinahitaji karibu milimita 3. Taa ya somo hili haifiki hata ampea 0.1, lakini kwa kuwa nafasi ipo, anayeanza anashauriwa kuzipa njia zake milimita 1. Njia pana ni rahisi kuchomelea na ni rahisi kurekebisha.

Kisha programu huombwa ikague kazi. Itaonyesha njia zilizogusana, muunganisho uliosahaulika, na tundu lililokaribia mno ukingo. Haitaonyesha kwamba rezista ni ya omu 150 badala ya 270, wala kwamba unyayo haufanani na kipande kilichonunuliwa. Hayo mtu anayakagua mwenyewe.

Ukaguzi bora zaidi ni wa karatasi. Mpangilio huchapishwa kwa ukubwa wake halisi, karatasi ikabandikwa juu ya kipande cha boksi, na vipande vyote vikachomekwa kwenye alama zake. Ikiwa mguu haukai, kosa limepatikana kwa bei ya ukurasa mmoja wa stesheni.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza bodi mwenyewe: mchoro unachapishwa kwa printa ya leza, wino unahamishwa kwa pasi ya moto juu ya kibao chenye shaba, na shaba isiyotakiwa inaliwa na kloridi ya chuma. Inafaa kwa kujifunza, lakini dawa hiyo inachafua nguo na inaunguza ngozi, na maji yake yenye shaba hayapaswi kumwagwa kwenye mtaro au karibu na kisima.

Ya pili ni kutuma faili kiwandani. Faili hizo huitwa Gerber, na huambatana na faili la kutoboa matundu. Viwanda vya Shenzhen hupokea oda ya bodi tano tu, na bodi isiyozidi sentimita 10 kwa 10 ndiyo hupata bei ya chini kabisa, dola chache kwa zote tano. Mara nyingi usafirishaji hugharimu kuliko bodi zenyewe, kwa hiyo wanaojifunza pamoja huunganisha oda. Karakana za pamoja kama FabLab Rwanda ya Kigali na Gearbox ya Nairobi ni mahali ambapo mgeni wa kazi hii anaweza kukutana na waliomtangulia.

Bodi tano za kwanza si za kuuza. Moja inachomelewa na kupimwa kwa multimita. Nyingine inafungwa kwenye betri inayochajiwa juani, ikaachwa kutwa nzima. Ya tatu anapewa mteja yule aliyerudisha taa, aitumie kwake na kuleta majibu. Ndipo oda kubwa inapofikiriwa.

Bodi ikifika mpakani

Kwa anayetaka kuuza ng'ambo ya pili, kuna jambo la kulijua kabla ya kununua vipande. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kwa Cheti cha Uasili wa Bidhaa kilichorahisishwa. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya, na kanuni za uasili zinasema wazi kwamba kuunganisha tu vipande vilivyoagizwa nje hakuipi bidhaa asili hiyo.

Taa iliyochorwa Arusha, yenye bodi, LED na rezista za China, inaweza kusimamishwa Namanga ikadaiwa ushuru kama mzigo wa kigeni. Kuchora mwenyewe hakutoshi kuibadilisha asili yake mbele ya forodha. Mwenye mpango huo hana budi kuuliza kwenye Kituo cha Kutoa Huduma kwa Pamoja Mpakani, au ofisi ya mapato, ni kazi kiasi gani inatakiwa kufanyika ndani ya nchi, na kuuliza shirika la viwango kuhusu alama ya ubora. Bodi tupu na chaja iliyokamilika pia havina namba moja ya ushuru: bodi ya saketi iliyochapishwa iko kwenye kifungu cha 8534, na chaja za betri kwenye 8504. Kuandika namba isiyo yake ni kutafuta ucheleweshaji na faini.

Hata pale ambapo taa yenyewe haitapata nafuu ya ushuru, ujuzi unabaki na faida yake. Mfanyabiashara mwenye fundi anayesoma bodi hanunui tena kwa kutazama boksi. Anaomba sampuli moja, fundi anaifungua, anasoma rangi za rezista na kupiga hesabu. Ikiwa ni omu 150 kwa LED tatu, wanajua mapema ni taa gani zitakazorudi dukani, na wanaziacha huko huko kwa muuzaji wa jumla.