Afya ya akili kazini: Tuliandika barua ya onyo kabla ya kuuliza

Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, adhana haikusikika katika msikiti wetu ulioko upande huu wa Momela. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ukungu umeufunika mlima Meru hadi chini, na wachache waliofika waliukuta mlango na kufuli lake. Mwenye ufunguo alikuwa chumbani kwake nyuma ya madrasa, amekaa kitandani na kanzu mwilini, macho wazi. Alipoitwa aliitikia. Hakuinuka.

Mtu huyo ni mwalimu wa madrasa, na mwajiri wake ni sisi, Kamati ya Msikiti. Tunaanza na habari yake kwa sababu tulipokusudia kuandika juu ya afya ya akili ya wafanyakazi, fikra zetu zilikimbilia kwa waajiri wengine. Tuliwafikiria wagumu wanaobeba mizigo ya wageni kutoka lango la Momela kwenda kibanda cha Miriakamba, kisha Saddle, ili mgeni afike kileleni, mita 4,566 juu ya bahari. Tuliwafikiria vijana wa hoteli za kitalii, na kina mama wa mashamba ya maua ya upande wa Usa River.

Na kwa hakika wanastahili kufikiriwa. Riziki ya eneo letu inakwenda kwa misimu. Ikiingia masika wageni hupungua, hoteli hupunguza watu, na baba aliyekuwa akirudi na mfuko wa unga hurudi mikono mitupu hadi Juni. Mwaka 2020 hatukuhitaji kungoja masika. Wageni wa kimataifa waliokuwa takriban milioni 1.5 nchini mwaka 2019 walishuka hadi kama laki 6 na elfu 20. Wapo waongoza watalii tuliowazoea safu ya mbele ambao mwaka ule walianza kuswali nyumbani. Baadaye tulielewa kuwa wengine walikuwa wakiona haya kuulizwa habari za kazi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na maradhi ya wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni hali inayodumu kwa wiki kadhaa, ikamnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na raha ya vile alivyokuwa akivipenda, hata kazi aliyoifanya kwa moyo ikawa mlima.

Turudi kwa mwalimu. Siku ya tatu baada ya Alfajiri ile Kamati iliketi. Sisi, ambao kazi yetu ni kuandika kumbukumbu, tuliiandika ajenda hivi: utovu wa nidhamu. Mmoja alisema mwalimu amerogwa. Mwingine alisema imani imemdhoofika. Wa tatu alikumbusha kuwa wazazi wawili wamelalamika kuwa siku hizi anawakaripia watoto na anasahau aya alizohifadhi tangu utotoni. Tukaafikiana apewe barua ya onyo. Tuliiandika usiku uleule, kwa lugha nzuri, na muhuri tukaugonga.

Asubuhi, mama mmoja wa upande wa kina mama, jirani yake anayempelekea uji, alitukuta barazani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Wanangu, mmemuuliza analala saa ngapi?”

Hatukuwa tumemuuliza. Tulipokwenda kumuuliza, alitujibu kuwa wiki ya nne ilikuwa inakwisha hajapata usingizi wa saa mbili mfululizo. Tulipohesabu kazi zake tuliona haya. Alikuwa akifungua msikiti kabla ya Alfajiri, akifundisha asubuhi, alasiri na baina ya Magharibi na Isha, akiadhini vipindi vitano, akifagia ua na kuitwa kuosha maiti usiku. Hakuwa na siku ya mapumziko. Katika miaka sita hakuwahi kupewa likizo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwa anastahili. Mshahara wake hutoka katika sadaka ya Ijumaa, nayo hufuata msimu wa wageni, hivyo masika yale tulikuwa tunamdai subira ya miezi miwili. Haya tuliyafanya huku tukisomeshana hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Wafanyakazi wa msimu wasome vizuri hapa: kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo, lakini aliyeajiriwa kwa msimu anayo, na vilevile anayeitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na muda wake kwa jumla ukapita miezi 6, anayo haki hiyo.

Tulimpeleka mwalimu hospitali mjini Arusha. Kabla ya hapo palikuwa na ubishi, kwani baadhi ya wazee walitaka asomewe ruqya tu. Alisomewa, na hospitali akaenda. Hatuoni mgongano. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya mwili na nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana chanzo. Hospitali ya Sultan Qalawun, iliyofunguliwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Na Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakapofuka, ni nani atakayesema imani yake ilikuwa dhaifu?

Daktari alisema ni sonona. Alimpa dawa, akamtaka arudi kila baada ya wiki mbili kuzungumza, na akatuuliza sisi, si yeye, kuhusu saa zake za kazi. Hilo hatukulitarajia.

Mwalimu alikwenda likizo siku 28 kwao Kondoa. Vijana watatu waligawana adhana, na mmoja alichelewa mara mbili katika wiki ya kwanza, jambo lililotufunza uzito wa kazi ile kuliko hotuba yoyote. Amerudi. Anafundisha alasiri na Magharibi tu, na Jumatatu ni siku yake. Wazazi watatu wamewaondoa watoto wao, wakisema hawawezi kumwachia mwana wao mtu “aliyechanganyikiwa”. Tumekwenda nyumbani kwao. Mmoja amemrudisha mtoto.

Barua ya onyo bado imo katika faili. Mwenyekiti anataka ichanwe, sisi tunataka ibaki na maelezo pembeni yake. Suala hilo, pamoja na deni la mwezi mmoja wa mshahara uliosalia, ni ajenda ya kikao cha Jumapili baada ya Adhuhuri.