Kuta Zinazofundisha: Kutoka Jumièges hadi Majengo, Mtwara



Mwaka 1790, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, watawa Wabenediktini waliondolewa katika abasia ya Jumièges, Normandy, ambayo kanisa lake kuu liliwekwa wakfu mwaka 1067. Majengo yaliuzwa, na walionunua wakayabomoa ili wauze mawe. Mwaka 1820, Baron Taylor na Charles Nodier walianza kutoa vitabu vikubwa vya picha za majengo ya kale ya Ufaransa, wakianzia Normandy. Picha hizo zilikuwa chapa za jiwe: msanii huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe lililosawazishwa, jiwe hulowanishwa, na wino wa mafuta hushika palipochorwa tu. Hivyo mchoro mmoja huzaa nakala nyingi. Wengi waliozoea kuona mawe ya kujengea wakaanza kuona urithi. Paa la Jumièges halikurudi, lakini minara yake ingali imesimama.

Habari hii inatuhusu. Katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, hapa Mtwara, ukuta wa mbele na zile za pembeni zimejaa matukio ya Biblia yaliyochorwa na Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Kazi zake zinaonekana pia Nyangao na Lindi. Hayo si mapambo tu. Yapata mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani, akimweleza kwamba asiyejua kusoma husoma ukutani kile asichoweza kukisoma kitabuni. Picha haiabudiwi, inafundisha. Mtoto anayechoka na mahubiri yetu marefu bado hutazama ukuta, na ukuta humhubiria.

Hata hivyo, hewa ya chumvi na unyevu wa pwani yetu hula rangi na lipu. Ukuta unapochakaa, wazo la kwanza huwa ni kununua ndoo ya rangi nyeupe, mara nyingi kwa nia njema, sikukuu ya parokia inapokaribia. Siku moja ya kazi yaweza kufuta katekesi ya vizazi. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1189, inaagiza kwamba picha zenye thamani kwa ukale, sanaa au heshima ya waamini zisitengenezwe bila kibali cha maandishi cha Ordinari, naye kwanza awaulize wataalamu.

Basi, ndugu waamini, kabla ya kugusa ukuta wenye picha, halmashauri ya parokia iwasiliane na Askofu. Tuzibe kwanza paa linalovuja, kwa maana maji ndiyo adui wa kwanza. Tupige picha kila mchoro, tuziweke katika kumbukumbu za parokia. Nao wazee wanaozijua habari za michoro hiyo wawasimulie watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza, wakiwa wamesimama mbele yake.