Dhima ya Mboji na Samadi katika Kuzuia Metali Nzito Udongoni: Mfano wa Divisheni ya Viwanda, Mbale

Makala haya yanaeleza namna mbolea za asili zinavyoathiri metali nzito udongoni, kwa kurejelea Divisheni ya Viwanda ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Mbale, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ilijumuishwa katika mpango wa kitaifa wa kugeuza taka za miji kuwa mboji, ulioratibiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Aidha, ardhioevu ya Namatala, inayolimwa mpunga, hupokea majitaka ya mji huo. Kwa hiyo, swali la mboji na metali linagusa chakula cha watu.

Risasi, shaba, zinki na kadimiamu haziozi. Kinachobadilika ni umbo lake na wepesi wake wa kufyonzwa na mimea. Mboji iliyoiva ina chaji hasi, ilhali ayoni za metali hizi zina chaji chanya, hivyo hunaswa. Risasi na shaba hufungamana nayo kwa nguvu. Zinki na kadimiamu hushikwa kwa ulegevu, na hutegemea zaidi kiwango cha asidi: asidi ikizidi, huachiliwa. Ndiyo maana samadi, au makaa ya maganda ya kahawa na pumba za mpunga, husaidia kwa kupunguza asidi hiyo.

Hata hivyo, kuzuia si kuondoa. Kwanza, sehemu ya mboji huyeyuka majini na huweza kusafirisha shaba hadi tabaka za chini. Pili, mboji huendelea kuoza, na uwezo wake wa kunasa hupungua. Tatu, katika jaruba lililofurika maji kadimiamu hufungwa na salfaidi, lakini jaruba likikaushwa kabla ya mavuno hufunguka tena. Nne, mboji ya taka zisizochambuliwa, zenye betri na mabaki ya rangi, huja na metali zake yenyewe. Tiba hugeuka chanzo cha maradhi.

Kutokana na hoja hizi, tunapendekeza taka zichambuliwe majumbani na viwandani kabla ya kuozeshwa, mboji ipimwe kabla ya kugawiwa wakulima, na vipimo vya udongo vioneshe kiasi kinachoweza kufyonzwa na mmea, si jumla ya metali pekee. Upimaji huo urudiwe kila baada ya misimu kadhaa, kwa kuwa kilichonaswa leo chaweza kuachiliwa kesho.