Le Mans: Kisanduku kinachojua siri zote za gari, ila nacho hudanganywa

LE MANS, UFARANSA. MASHABIKI wa Bayern Munich wakiikumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mwaka 1999, roho bado zinawauma. Walikuwa mbele kwa bao 1-0 hadi dakika ya 90, kisha Manchester United ikapiga mbili za chapchap kwenye muda wa nyongeza na kombe likaenda England.

Sasa chukua maumivu hayo, halafu yaongezee usiku mzima wa kukesha. Ndicho kilichowakuta Toyota Juni 19, 2016 kwenye mbio za magari za Saa 24 za Le Mans.

Gari lao namba 5 lilikuwa linaongoza na dakika zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwenye usukani alikuwa Mjapani Kazuki Nakajima, aliyekuwa akipokezana zamu na Anthony Davidson na Sebastien Buemi. Ghafla akasikika redioni akilalamika kwamba gari halina nguvu. Likapunguza mwendo, likazidi kupunguza, mwisho likasimama kabisa mbele ya jukwaa kuu, zikiwa zimebaki kama dakika tatu. Porsche namba 2 ya Romain Dumas, Neel Jani na Marc Lieb ikapita na kubeba ushindi.

Kibaya zaidi, Toyota ilipowaka tena ilitumia karibu dakika 12 kumaliza mzunguko wa mwisho, wakati kanuni zilitaka usizidi dakika sita. Gari lilikuwa limepiga mizunguko 384, sawa na bingwa, lakini halikuingizwa hata kwenye orodha ya waliomaliza.

Kila mtu alikuwa na swali moja: kimetokea nini? Kwenye mbio za aina hii, majibu hayatafutwi kwa dereva peke yake. Yanatafutwa pia ndani ya kisanduku kidogo kilichofungwa garini, kinasa data.

KINAFANYAJE KAZI?
Shabiki wa soka hana haja ya kushangaa. Zile vesti fupi za mazoezi ambazo wachezaji wa siku hizi wanavaa, zenye kifaa mgongoni, zinafanya kazi inayofanana. Mazoezi yakiisha, kocha anajua nani amekimbia kilomita ngapi na nani amezuga.

Kwenye gari la mbio, sensa zimetegwa kila kona. Zipo zinazopima joto la maji na oili, mzunguko wa injini, presha ya breki, upepo wa matairi, kasi ya kila gurudumu, usukani umekatwa kiasi gani na mguu umekandamiza mafuta kiasi gani. Zote zinapeleka taarifa kwenye kinasa data, kinachoziandika mara nyingi ndani ya kila sekunde.

Sehemu ya taarifa hizo hurushwa kwa redio hadi piti, ambako wahandisi wamekodoa macho kwenye kompyuta. Nyingine hubaki kwenye kumbukumbu ya kisanduku na kupakuliwa baadaye.

Ila kuna kanuni ngumu: taarifa zinatoka garini kwenda piti tu. Mhandisi haruhusiwi kubonyeza kitufe akiwa kwenye kiti chake na kubadilisha chochote garini. Akiona tatizo, anamwambia dereva redioni, na dereva mwenyewe ndiye anazungusha swichi za kwenye usukani huku anakata upepo kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ni kama kocha aliyeko benchi. Anaona kila kitu lakini hawezi kuingia kupiga penalti.

DEREVA HANA PA KUJIFICHA
Njia ya Le Mans ina urefu wa zaidi ya kilomita 13.6 kwa mzunguko mmoja, na gari moja linaendeshwa na madereva watatu kwa zamu. Hakuna binadamu anayeiona safari nzima ya gari hilo. Dereva wa usiku anakwenda kulala, wa alfajiri anapanda, huku kisanduku hakisinzii.

Ndiyo maana timu hulaza mistari ya data ya dereva mmoja juu ya ile ya mwenzake. Inaonekana wazi nani amekanyaga breki mapema mwisho wa barabara ndefu ya Mulsanne, na nani anaachia mafuta mahali ambapo mwenzake anapita amekandamiza. Dereva anaweza kusema gari linayumba, lakini mistari ndiyo itakayoonyesha kama tatizo ni gari au ni mikono yake.

Hata waandaaji wanazitumia data. Kwenye daraja la juu la sasa, magari yanafungwa sensa kwenye ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni ili kuhakikisha hakuna timu inayotumia nguvu kuliko iliyoruhusiwa. Ukizidisha, unaadhibiwa. Ni kama VAR, ila hii haisubiri mwamuzi aende kutazama televisheni.

SIRI YA 2016
Baada ya lile pigo la Nakajima, Toyota ilitangaza kilichotokea. Kiungio cha bomba la hewa kati ya turbo na kipoza hewa kilipata hitilafu, na turbo ikashindwa kudhibitiwa. Timu ilijaribu kubadili mipangilio ili kurudisha nguvu na ikafanikiwa, lakini muda ulikuwa umekwenda.

Hapo ndipo penye funzo. Data zinaweza kukuonyesha ugonjwa, lakini kiungio hakikazwi na kompyuta.

Mwaka 2018 Toyota ilirudi ikiwa imejipanga. Buemi na Nakajima, safari hii wakiwa na Fernando Alonso kwenye gari namba 8, walishinda. Aliyelivusha gari kwenye mstari wa mwisho alikuwa Nakajima yuleyule, na hapo deni likalipwa.

SENSA ILIPODANGANYA
Ukidhani stori imeishia hapo, subiri mwaka 2019. Toyota namba 7 ya Mike Conway, Kamui Kobayashi na Jose Maria Lopez ilikuwa inaongoza kwa zaidi ya dakika mbili dhidi ya ndugu zao wa namba 8, ikiwa imebaki kama saa moja tu. Ushindi ulikuwa umeshaiva.

Ghafla taarifa ikaingia piti kwamba kuna pancha. Lopez akaingia, mafundi wakabadilisha tairi moja, lile lililotajwa na sensa, akatoka mbio. Kumbe tairi lililobadilishwa lilikuwa zima na lenye pancha bado limo garini! Ikabidi Lopez ajikokote mzunguko mzima kurudi piti kubadilishiwa tena. Namba 8 ikapita.

Toyota ilieleza kuwa tatizo lilikuwa kwenye uunganishaji wa waya za sensa. Tofauti kwenye mstari wa mwisho ilikuwa kama sekunde 17. Saa 24 za jasho zikateketea kwa sababu ya waya.

Kisanduku hakikukosea kwa maana ya kawaida. Kiliandika kile kilicholetwa na waya, na piti wakakiamini. Kwenye soka ungesema mshika kibendera amenyoosha sawasawa, ila kwa mchezaji asiyehusika.

Ndiyo maana timu zinazotaka ushindi Le Mans hukagua sensa kama zinavyokagua breki. Mhandisi mzuri haishii kusoma namba. Anazilinganisha. Kama sensa inasema tairi la mbele limeisha upepo, je, dereva anahisi gari linavuta upande huohuo? Kasi ya gurudumu hilo inasemaje? Mashahidi wawili wakigongana, anauliza wa tatu kabla ya kutuma fundi na bunduki ya nati.

Conway, Kobayashi na Lopez hawakukata tamaa. Mwaka 2021 walirudi na gari namba 7, na safari hiyo hakuna aliyewapora. Kobayashi ndiye aliyelifikisha mwisho, akiwa wa kwanza.